Kisu cha Baba Kikisafishwa, Je, Ni Kisu cha Baba?

Watu wengi hudhani ya kuwa maswali magumu ya haki na wajibu hukaa mahali pakubwa tu, kwa mahakimu au vitani. Sisi tumelikuta mojawapo katika kisu cha kukunja, kitu cha kutiwa mfukoni, kisichopita urefu wa kiganja. Nasi twataka kuwaeleza habari yake, maana katika nyumba nyingi za ukingo huu wa ziwa, tangu Kigoma na Ujiji hata vijiji vya wavuvi vilivyo mbali, kuna kisu cha namna hiyo kilichoachwa na mzee, kimefungwa katika kitambaa, nacho chaliwa na kutu.

Imekuwa desturi yetu kwa miaka mingi kuvikusanya visu vya kale na kuvitengeneza. Kazi hiyo twaipenda, wala hatuoni haya kusema hivyo, ingawa jirani mmoja hutucheka akisema kwamba mwalimu mwenye visu thelathini bado huja kwake kuazima kisu cha kukatia mboga. Hilo ni kweli.

Viko katika visu vyetu vilivyotoka Sheffield, Uingereza, vyenye jina la mtengenezaji limepigwa chini ya ulimi, karibu na bawaba. Viko vya Okapi, vyenye mpini wa mti na pete ya chuma, ambavyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili vipelekwe katika makoloni yake ya Afrika. Vilipewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, huko Kongo ng'ambo ya ziwa, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtia katika vitabu vyao mwaka 1901 tu. Na mwaka 1988 kazi ya kuvitengeneza ilihamia Afrika Kusini. Tena viko visu vya askari: ulimi mmoja mpana, kifungulio cha mikebe, na msharasi wa chuma wa kulegezea mafundo ya kamba. Hivyo vina alama ya mshale, ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Vilirudi mifukoni mwa askari wa King's African Rifles waliokwenda vita vya 1939 hata 1945, ambao baadhi yao walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, mwaka 1944. Wala msidhani ya kuwa chuma kilianza kufika kwetu kwa meli za Ulaya. Wafipa, walio kusini mwetu, waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, nazo ziliitwa malungu. Bali wao walitengeneza majembe na mikuki na visu visivyokunjwa, na hayo ni maneno ya siku nyingine.

Sasa yafaa tueleze kidogo habari ya kutu, maana bila hiyo swali letu halitaeleweka. Katika ulimi wa kisu cha zamani huonekana mambo mawili. Iko kutu nyekundu yenye unga, nayo hula chuma usiku na mchana, kwa kuwa huvuta unyevu na kuushika. Na uko weusi, unaotokea kisu kinapokata maembe na machungwa na nyama kwa miaka mingi. Huo ni kama ngozi ya chuma, nao huizuia kidogo ile nyekundu isiingie. Fundi mgeni huyaona yote mawili kuwa uchafu. Fundi mwenye subira hulaza kisu katika mafuta ya taa siku mbili tatu, kisha hukikwangua kwa kipande cha shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha kisu. Ile nyekundu hutoka, ngozi nyeusi hubaki. Tena hajaribu kukinoa juu ya jiwe la kuzungushwa kwa mashine, maana makali yakipata moto mpaka yakageuka rangi ya samawi, ugumu wake umekwisha. Wengine hupaka mawese katika bawaba, kwa kuwa ndiyo mafuta ya kwetu, lakini mawese huganda, na kisu hakifunguki tena ila kwa meno. Mafuta ya cherehani yafaa zaidi.

Haya twayajua sasa. Mwaka 2009 mikono yetu ilikuwa na haraka.

Mwaka huo alitujia mvuvi mmoja, mtu mzima, kutoka kijiji kilicho kaskazini mwa Kigoma, akaleta kisu cha askari. Baba yake alikuwa amekirudisha kutoka Burma, akakitumia maisha yake yote, akafa. Mwana akatuambia, "Mwalimu, hiki ni cha marehemu baba. Nataka mama akione kama kilivyokuwa siku kilipotoka vitani." Nasi tukafurahi, maana ombi lilikuwa jema, na kazi ilikuwa ya kumpendeza fundi. Ulimi ulikuwa mweusi kabisa, umeliwa na kinoo hata umekuwa mwembamba katikati. Mbavu za mpini, zile nyeusi zenye miraba midogo midogo, zilikuwa zimepasuka, na ubavu mmoja ulikuwa umemeguka ukingoni mahali pawili. Tukang'oa misumari, tukazitupa mbavu zile pamoja na takataka, na takataka zikachomwa. Tukachonga mbavu mpya za mpingo. Tukausugua ulimi mpaka ukawa mweupe kama kioo. Hata alama ya mshale ikaonekana waziwazi, nasi tukajisifu kwa ajili yake.

Tulikwenda wenyewe kukikabidhi, kwa kuwa tulitaka kuona furaha. Mama yule, aliyekuwa mzee sana, akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakifunga. Kisha akaanza kuupapasa mpini kwa kidole gumba, akienda na kurudi, kama mtu atafutaye mlango gizani. Akasema, "Kizuri, mwalimu. Mungu awabariki." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na cha mzee kiko wapi?"

Wasomaji, pale palipomeguka mahali pawili hapakuwa pamemeguka. Mzee alikuwa amepakata kwa makusudi. Tangu ncha ya mpini hata pengo la kwanza kilikuwa kipimo cha jicho la wavu wa mgebuka, na hata pengo la pili kilikuwa kipimo cha wavu wa kuhe. Kwa kisu kile alisuka nyavu zake, na kwa kisu kile aliwafundisha wanawe na watoto wa jirani. Tena alipoona mtu anasuka macho madogo mno ili asiache samaki hata mmoja, alimwendea na kisu mkononi, si kwa kumtisha, ila kumwekea kipimo juu ya wavu na kumwambia alipokosa. Mkewe alikuwa amesuka pamoja naye miaka mingi. Kidole chake kilijua mapengo yale kuliko macho yake.

Je, tulikosa nini, nasi tulitenda tulivyoombwa? Tumelifikiri neno hili kwa muda mrefu. Mtu aweza kusema, kisu kilikuwa mali ya mwana, mwana alitoa ruhusa, basi fundi hana deni. Sisi hatukubali. Mwana alitoa ruhusa juu ya kitu asichokijua, maana yeye alisoma shule, akatumia nyavu za kununua dukani, hakusuka. Aliyejua alikuwa mama, naye hakuulizwa kwa sababu zawadi ilikuwa ya kumshtua. Na fundi, ambaye kazi yake ni kuangalia, hakuangalia. Pengo lililokatwa kwa msumeno halifanani na pengo la kumeguka; lina kuta zilizonyoka. Tuliliona kwa jicho, lakini tulikuwa tumekwisha kuamua ya kuwa kila kilichopungua ni uharibifu.

Hapo ndipo lilipo swali. Mwana alisema, kama kilivyokuwa siku kilipotoka vitani. Neno hilo husemwa na kila mtu anayetengeneza vitu vya kale: tukirudishe kilivyokuwa. Kilivyokuwa lini? Kisu kile kilikuwa cha vita miaka michache, na cha nyavu karibu miaka hamsini. Kukirudisha siku ya Burma ni kusema ya kuwa ile miaka hamsini ilikuwa uchafu juu yake. Hakuna aliyekusudia kusema hivyo, lakini mikono yetu ilisema.

Wafaransa, ambao wamisionari wao walifika Ujiji mwaka 1879, wana usemi wa kuchekesha juu ya kisu cha mtu aitwaye Jeannot. Kisu hicho kilibadilishwa ulimi, kisha kikabadilishwa mpini, naye Jeannot bado akidai ya kuwa ni kisu kile kile. Na Wayunani wa zamani waliuliza vivyo hivyo juu ya chombo cha Theseus, ambacho watu wa Athene walikitunza kwa kubadili mbao zilizooza, moja baada ya moja, hata wenye kupenda mabishano wakagawanyika, hawa wakisema ni chombo kile, hawa wakisema sicho. Swali hilo kwa kawaida huulizwa kama kitendawili cha kupitisha jioni. Lakini halikuwa kitendawili kwa mama yule. Yeye hakuuliza kama chuma ni chuma kile kile. Chuma kilikuwa kile kile. Aliuliza juu ya mapengo mawili, yaani mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Sisi wa Kigoma hatuhitaji kwenda Athene kutafuta chombo cha namna hiyo, maana tunacho chetu, nacho ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari na reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa meli ya vita, yenye mzinga. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakikimbia waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, ili adui asiipate. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake mafuta mazito. Hili ndilo jambo linalotustaajabisha siku zote. Walikuwa wameshindwa, walikuwa na haraka, nao walikuwa wakiharibu. Hata hivyo walifanya kazi ya mtu atakayekuja baadaye, wasiyemjua. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba, ndilo jina ambalo watu wa kusini waliliita ziwa. Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke zikaondolewa, zikatiwa za dizeli.

Je, ni meli ile ile? Jina si lile, mashine si zile, kazi si ile. Angalieni, ndugu, walioitengeneza hawakusema, tuirudishe ilivyokuwa, tutafute mzinga tuuweke tena. Waliifanya ichukue abiria na mizigo, akina mama na magunia ya mahindi na dagaa. Hatusikii mtu wa ukingo huu akilalamika kwamba meli si yenyewe kwa sababu mzinga haupo. Twafikiri ni kwa sababu watu waliopanda meli ile ndio walioijua, na waliotengeneza walitengeneza kwa ajili yao. Sisi katika kisu kile tulifanya kinyume: tulirudisha mzinga, tukawatupa abiria.

Mtu atatuuliza, basi kila alama ibaki? Kutu nayo ni alama. La. Ile nyekundu ni lazima iondolewe, maana ikiachwa baada ya miaka hapatakuwa na kisu wala alama. Tena ziko alama zinazobaki si kwa kupendeza, bali kwa kuwa hatuna ruhusa ya kuzifuta. Katika sanduku letu kimo kisu kidogo cha Sheffield chenye mbavu za pembe ya ndovu. Mafundi wa mji ule, na nyumba ya Joseph Rodgers & Sons ilisifika kwa hilo, walitumia pembe nyingi kwa mipini, na pembe nyingi za karne ile zilitoka Afrika ya Mashariki. Njia mojawapo ilikuwa hii ya kwetu: kutoka Manyema kuvuka ziwa hadi Ujiji, kutoka Ujiji hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, juu ya mabega ya wapagazi, na katika hao walikuwamo watumwa. Miembe iliyopandwa kando ya njia hiyo watu huionyesha Ujiji hata leo. Pembe ya kisu chetu haisemi ilikotoka. Mnunuzi mmoja alitaka kukinunua, akatushauri tuisugue ing'ae, tufute mistari ya manjano iliyoingia. Hatukuisugua wala hatukumwuzia. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989, na hilo peke yake latosha. Lakini hata kama lisingekuwako, mikono yetu haikutaka kuifanya pembe ile ionekane kana kwamba haikubebwa na mtu.

Na kwa kuwa tumemtaja mnunuzi, tuseme neno moja jingine. Mji wenye habari kubwa huwajaribu watu kuvipa vitu vidogo habari zisizo zao. Ujiji ni mahali alipoonana Stanley na Livingstone mwaka 1871, basi kila mwenye kisu chenye kutu hupenda kuambiwa ya kuwa ni cha siku zile. Tumeletewa kisu chenye alama ya kiwanda ambacho wakati ule kilikuwa hakijazaliwa, mwenyewe akiapa kwamba babu alipewa na Livingstone. Tukimjibu kwa adabu, huona tumemdhulumu. Yule anayeongeza habari na yule anayefuta alama, kwa maoni yetu, ni ndugu.

Katika Kitabu cha Wafalme mna habari ya wanafunzi wa manabii waliokwenda mto wa Yordani kukata miti, na shoka la mmoja likachomoka, likaanguka majini. Mwenye shoka alilia mbele ya Elisha. Hakulilia bei ya chuma. Alilia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Tumewasomea watoto habari hiyo mara nyingi, nao hupenda pale chuma kilipoelea. Sisi tangu mwaka ule hukaa zaidi juu ya kile kilio. Kisu alicholeta mwana kilikuwa mkononi mwake, lakini nacho kilikuwa cha kuazima. Sehemu yake ilikuwa ya mama, na sehemu ya wale waliofundishwa kusuka, na sehemu ya marehemu, ambaye hawezi kuulizwa. Mwenye ufunguo wa sanduku si lazima awe mwenye kitu chote kilichomo. Kwa sababu hiyo sasa hatupokei kisu mpaka tuulize ni nani mwingine nyumbani alikishika, na mara nyingi jibu ni mwanamke ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza.

Kuhusu kisu cha askari, haikuwa mwisho pale. Baada ya wiki mbili mwana alirudi. Alikuwa amepanda darini, juu ya jiko la mama yake, akakuta kipande cha wavu wa zamani wa nyuzi za pamba, cheusi kwa moshi, kilichosukwa na baba yake. Akasema tupime macho ya wavu ule, tukate mapengo mapya katika mpingo. Ilionekana njia iliyonyoka. Tukachukua kisu, msumeno mwembamba na kipande kile, tukaenda nyumbani kwa mama, maana safari hii hatukuthubutu kukata asipokuwapo.

Tuliulaza wavu juu ya mpini, tukaweka alama kwa penseli. Mama akaangalia, akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Uzi wa pamba ukiingia majini hujikaza. Wavu huu umevua miaka, kisha umekauka juu ya moto. Kipimo chake kilikuwa kikubwa kuliko hivi." Tukamwuliza, kwa kiasi gani? Hakujibu kwa maneno. Mwana akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini ya kwamba basi hata tukikata yatakuwa mapengo ya mama, si ya baba. Mama akamsikia. Akamwambia, "Mwanangu, nani alikushikia uzi baba yako alipokuwa ziwani?" Kisha akaushika mpini, akafumba macho, akakiweka kidole gumba upande wa nje wa alama yetu, upana wa ukucha mmoja.

Tukakata pale.